Mita 80 Kutoka Kwenye Bodi: Kuchagua Unene wa Kebo ya Umeme wa Saiti

Hotuba kwa mafundi umeme na wasimamizi wa saiti za ujenzi. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya ambao hawakuwepo.

Ndugu mafundi, wasimamizi wa saiti, na ninyi mnaoandika orodha za vifaa vya kununua, asanteni kwa kuja.

Nianze na swali. Mtu akikujia akasema, "Nipe kebo ya kuendeshea mikisa ya zege, mota yake kilowati 1.5, fezi moja," utampa ipi? Nasikia huku wanasema moja na nusu. Kule nyuma wanasema mbili na nusu. Sawa. Lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza mikisa iko umbali gani kutoka kwenye bodi ya kugawia umeme. Hakuna aliyeuliza breka, ile swichi inayokata umeme kukiwa na hitilafu, ni ya aina gani. Mmejibu kwa kilowati peke yake, na hapo ndipo kebo nyingi za saiti zinapokosewa.

Mikisa hiyo tutakaa nayo mpaka mwisho. Tuiweke mita 80 kutoka kwenye bodi, juani, joto nyuzi 40. Umeme ni volti 230. Breka ni ya ampea 16, aina C, kwa sababu mota ikiwaka huvuta mkondo mkubwa na breka ya aina B ingekuwa inakata kila asubuhi. Nikisema kebo ya nne au ya sita, namaanisha milimita mraba 4 au 6 za shaba.

Kwanza, ampea. Msigawe 1,500 kwa 230 mkaondoka na 6.5. Kilowati zilizoandikwa kwenye mota ni nguvu inayotoka kwenye shafti, si umeme unaoingia. Mota ndogo ya fezi moja ina ufanisi wa karibu 0.75, na kipengele cha nguvu (power factor, yaani sehemu ya mkondo inayofanya kazi kweli) karibu 0.8. Basi ni 1,500 kugawa kwa 230, kugawa kwa 0.8, kugawa kwa 0.75. Unapata ampea 11. Kama kibati cha mota kimeandikwa ampea, soma hizo na uachane na hesabu hii. Kama kimefutika kwa saruji, ifanye.

Sasa kebo ina maswali matatu ya kujibu. Je, itaungua? Je, itafikisha volti? Je, itaruhusu breka ikate? Kila swali lina jibu lake la unene, na jibu nene kuliko yote ndilo linalonunuliwa.

Je, itaungua?

Swali hili kila fundi analijua, kwa hiyo sitakaa nalo sana. Kebo laini ya 1.5 hubeba ampea 16, ya 2.5 hubeba 25, ya 4 hubeba 32. Lakini namba hizo zina masharti: kebo imelala peke yake, imenyooka, hewa ina nyuzi 30. Nani kati yenu ana saiti ya namna hiyo?

Kwa kebo ambayo ganda lake linavumilia nyuzi 60, hewa ikifika nyuzi 40 unazidisha kwa 0.82. Ukizifunga kebo tatu pamoja kwa waya wa kusukia nondo, unazidisha tena kwa 0.70. Chukua ile ya 25, zidisha kwa 0.82, zidisha kwa 0.70. Zimebaki ampea 14. Kebo ni ileile, shaba ni ileile, ila breka ya 16 uliyoiweka mbele yake haiwezi tena kuilinda.

Halafu kuna gurudumu. Fikirieni fundi wa kuvunja sakafu. Ana mashine ya wati 2,000 na ekstensheni ya mita 50 ya 1.5 iliyoviringwa kwenye gurudumu. Anahitaji mita 10 tu, basi anavuta mita 10 na 40 zinabaki zimeviringwa. Mashine inavuta ampea karibu 9. Kebo ya 1.5 inabeba 16, hivyo haoni shida. Breka ya 16 nayo inaona 9 na haishtuki. Lakini kebo iliyoviringwa safu nne haibebi hata nusu ya uwezo wake, kwa sababu safu za ndani hazina pa kutolea joto. Ni sawa na kumfunika mgonjwa wa homa blanketi nne. Baada ya muda ganda la safu za chini linalainika, waya wa fezi na wa nyutro zinagusana, na gurudumu linafuka moshi. Ukigusa safu ya juu dakika chache kabla, ilikuwa vuguvugu tu.

Je, kosa ni unene? Hapana. Kosa ni mita 40 zisizofunguliwa. Gurudumu hufunguliwa lote, hata kama mita 40 zitalala chini bila kazi. Zilaze kwa mizunguko mipana iliyoachana, mbali na njia ya toroli.

Turudi kwenye mikisa yetu. Breka ni 16, joto nyuzi 40, kebo iko peke yake. Ya 1.5 inabaki na ampea 13, haitoshi kwa breka ya 16. Ya 2.5 inabaki na 20. Swali la kwanza limejibu: mbili na nusu. Wale wa nyuma mlikuwa sahihi, mpaka hapa.

Je, itafikisha volti?

Hapa ndipo umbali unaingia. Kwa kebo ya shaba ya fezi moja, kila ampea inayopita kwenye kila mita ya njia hupoteza milivolti 29 kwa kebo ya 1.5. Kwa 2.5 ni milivolti 18. Kwa 4 ni 11, kwa 6 ni 7.3, kwa 10 ni 4.4. Hesabu ya kwenda na kurudi imo humo tayari, msizidishe mara mbili.

Ampea 11, mita 80. Kebo ya 1.5 inapoteza volti 25.5, yaani asilimia 11. Ya 2.5 inapoteza karibu 16, asilimia 7. Ya 4 inapoteza 9.7, asilimia 4.2. Mpaka unaotumika sana ni asilimia 5 kwa mashine na 3 kwa taa. Kwa volti 230, asilimia 5 ni volti 11.5. Basi 2.5 imeanguka, na 4 imepita.

Mtu atasema, "Asilimia 7 ni nini? Mikisa inazunguka." Inazunguka kweli, ikiwa tupu. Sasa tuiwashe imejaa zege. Mota hii ikianza huvuta kama mara 5 ya mkondo wake wa kawaida, ampea 55. Kwa hesabu ya haraka, kupitia kebo ya 1.5 volti zinazofika kwenye mota wakati huo ni karibu 150. Kupitia 2.5 ni karibu 170. Kupitia 4 ni karibu 190. Na nguvu ya kuzungusha ya mota haishuki sambamba na volti, inashuka kwa mraba wake. Volti 150 kati ya 230 ni asilimia 65 ya volti, lakini nguvu ya kuzungusha inabaki kama asilimia 42. Mota inanguruma, haizunguki. Fundi anazima, anawasha tena. Anazima, anawasha. Kila mara ampea nyingi zinapita kwenye koili zilizosimama, na feni ya mota imesimama nazo. Mwisho kapasita inapasuka au koili zinaungua, na lawama inakwenda kwa aliyeuza mikisa.

Mota imeuawa na kebo. Narudia: mota imeuawa na kebo, na kebo yenyewe imebaki nzima, haina hata alama ya joto. Ndiyo maana anayechunguza haigusi, na mota mpya inafungwa kwenye kebo ileile.

Kuna jambo jingine hapa ambalo wasimamizi hulisahau. Asilimia 5 ni ya safari nzima, kuanzia chanzo cha umeme mpaka mashine ya mwisho. Si asilimia 5 kwa kila kebo. Tuseme saiti yenu ina mzigo wa kilowati 45 zinazofanya kazi kwa pamoja, fezi tatu, volti 400, kipengele cha nguvu 0.8. Hizo ni ampea 81. Kebo kuu ina mita 120. Ukiweka ya 25, kebo kuu inakula asilimia 3.6. Mikisa imeachiwa asilimia 1.4, haiwezekani. Ukiweka ya 35, inakula 2.7. Ukiweka ya 50, inakula 1.9. Hapo sasa kebo ya mikisa ina nafasi ya asilimia 3 hivi, na hata ile ya 4 tuliyoisifu haiingii tena. Ya 6, yenye asilimia 2.8, inaingia.

Kwa mtazamo wangu, kabla hujanunua kebo kuu ya 50, tazama ramani ya saiti. Je, bodi kuu lazima ikae getini? Ukisogeza jenereta au bodi mita 60 kuelekea kazini, upotevu unapungua nusu bila kuongeza gramu moja ya shaba. Mara nyingi bodi huwekwa getini kwa sababu ndipo lori lilipoishushia.

Wanaofikiria alumini kwa kebo kuu: inakubalika, lakini upinzani wake ni kama mara 1.6 ya shaba. Badala ya shaba ya 50 mtahitaji alumini ya 95, maana hesabu inaangukia 80 na saizi hiyo haitengenezwi. Mtahitaji pia viungio maalumu vya alumini kwa shaba. Alumini iliyobanwa moja kwa moja kwenye shaba hulika, hulegea, kisha hupata moto. Na msiitumie kwa kebo inayohamishwahamishwa.

Na wale wanaofanya kazi kwa volti 110, kama ilivyo kawaida kwa vifaa vya mkononi kwenye saiti za Uingereza: mfumo huo ni salama zaidi kwa mtu, kwa sababu kutoka waya mmoja mpaka ardhini ni volti 55 tu. Lakini volti zikipungua nusu, ampea zinaongezeka mara mbili kwa kazi ileile. Upotevu wa volti unakuwa mara mbili, tena juu ya volti zilizo nusu. Kwa asilimia, ni mara nne. Transfoma hizo huwekwa karibu na mfanyakazi, na urefu uwe upande wa 230.

Je, itaruhusu breka ikate?

Swali hili ndilo linalorukwa kuliko yote, nami nitalipa muda.

Watu wengi wanaamini kwamba shoti ni shoti: waya zikigusana, breka inaruka. Je, ni kweli? Breka ya aina C ina sehemu mbili ndani yake. Sehemu ya sumaku hukata papo hapo, lakini inahitaji mkondo wa kuiamsha, mpaka mara 10 ya namba yake. Kwa breka ya 16, hizo ni ampea 160. Mkondo ukiwa chini ya hapo, huenda kazi ikaachiwa sehemu ya joto, na hiyo inachukua sekunde kadhaa. Kwa mtu aliyeshika mwili wa mashine wenye umeme, sekunde kadhaa ni nyingi mno. Kanuni za kimataifa kwa saketi za volti 230 za aina hii zinataka umeme ukatike ndani ya sekunde 0.4.

Nani anaamua ampea ngapi zitapita wakati wa shoti? Upinzani wa njia nzima, na kwenye saiti sehemu kubwa ya upinzani huo ni kebo yenu.

Tuseme mpaka kwenye bodi, chanzo kina upinzani wa omu 0.5. Kebo laini ya 2.5 ina omu karibu 0.008 kwa kila mita ya waya. Kwenda mita 80 na kurudi mita 80 ni omu 1.28. Jumlisha 0.5, unapata 1.78. Volti 230 kugawa kwa 1.78 ni ampea 129. Breka inataka 160. Haina uhakika wa kukata papo hapo. Kebo ya 1.5 ni mbaya zaidi, inatoa ampea 87.

Kebo ya 4 je? Ikiwa baridi inatoa ampea 178, inapita. Lakini kebo iliyofanya kazi tangu asubuhi si baridi. Shaba ikipata joto upinzani wake huongezeka. Kwa kebo iliyo kwenye kikomo chake hesabu huzidishwa kwa karibu 1.2. Kebo ya 4 ikiwa na joto hilo inatoa ampea 159. Breka inataka 160. Mnaona? Imekosa kwa ampea moja. Ya 6 ikiwa moto inatoa zaidi ya 200, na hapo breka inakata bila ubishi.

Basi mikisa ileile ya kilowati 1.5 imetupa majibu matatu. Joto la kebo limesema 2.5. Umbali umesema 4. Breka imesema 6. Inanunuliwa ya 6.

Najua mnachotaka kuuliza: "Si tuna breka ya kuvuja, ile ya miliampea 30?" Ndiyo, na kwa soketi zote za mpaka ampea 32 kwenye saiti hiyo si ya hiari. Umeme ukivuja kwenda kwenye mwili wa mashine, itakata hata kebo iwe nyembamba. Lakini breka ya kuvuja hulinganisha kinachokwenda na kinachorudi. Fezi ikigusana na nyutro ndani ya kebo iliyokanyagwa na lori, kinachokwenda ni sawa na kinachorudi. Haioni kitu. Hapo iliyobaki ni breka ya kawaida, ile inayosubiri ampea 160 ambazo kebo yako haiwezi kuzileta, huku ampea 129 zikichemsha ganda.

Kwenye jenereta mambo ni magumu zaidi. Jenereta ya kVA 10 (yaani volti mara ampea ni 10,000), fezi moja, mkondo wake kamili ni ampea 43. Zikipigwa shoti, nyingi zenye kidhibiti kizuri cha volti hushikilia kama mara 3 ya mkondo huo, ampea 130 hivi. Zile ndogo za bei rahisi volti zake huporomoka tu. Maana yake, breka ya C ya 16 huenda isikate papo hapo hata shoti ikitokea mlangoni pa jenereta. Kunenepesha kebo hakusaidii. Kwa jenereta ya ukubwa huo tumia breka ya aina B, hata kama wakati mwingine itakata mota ikiwaka, anza mota moja moja, na hakikisha nyutro imeunganishwa na ardhi kwenye jenereta yenyewe. Bila kiungo hicho, breka ya kuvuja ni pambo.

Sasa, fundi mwenye kebo ya 6 mkononi anakutana na plagi ya ampea 16, na waya hauingii. Plagi hizo kwa kawaida hupokea mpaka 2.5. Anafanya nini? Wengine hukata nusu ya nyuzi ili waya uingie, na wakishafanya hivyo wamejitengenezea kipande cha 2.5 kisichobanwa vizuri. Msifanye. Pelekeni kebo ya 6 mpaka bodi ndogo iliyo jirani na kazi, kisha toeni mkia mfupi wa 2.5, mita 5 hivi, mpaka kwenye mikisa. Mkia huo unapoteza volti moja tu, na breka bado inakata. Bodi ndogo karibu na kazi ni bora kuliko ekstensheni tatu zilizoungwa mkiamkia, kwa sababu kila maungio ni upinzani mwingine na mahali pengine pa maji kuingia.

Kwa ganda, chagueni kebo ya mpira mzito, iliyoandikwa H07RN-F. Ile nyeupe ya plastiki ya kuungia pasi na feni haikutengenezwa kuburutwa juu ya kokoto. Penye magari, kebo ipite juu kwenye nguzo au ndani ya bomba ardhini.

Na je, hiyo 2.5 uliyouziwa ni 2.5 kweli? Msiamini maandishi ya kwenye ganda. Kebo laini ya 2.5 huwa na nyuzi kama 50 zenye kipenyo cha milimita 0.25. Ya 1.5 huwa na kama 30 za kipenyo hichohicho. Ya 4 ni kama 56 za milimita 0.30, na ya 6 ni kama 84. Hesabuni. Kwaruzeni uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Kama mna mita nzuri ya omu, pimeni roli: waya mmoja wa mita 100 wa 2.5 usizidi omu 0.8 kwenye nyuzi 20. Ukipata omu 1.2, hesabu zote tulizofanya hapa hazina maana kwa kebo hiyo. Irudisheni dukani.

Kazi ikishafungwa, pimeni. Volti kwenye bodi na volti kwenye mashine, zote mbili wakati mikisa imejaa na inazunguka. Kupima bila mzigo hakukuambii kitu. Hata waya mwembamba kama unywele utakuonyesha 230 kama hakuna mkondo. Tofauti ikizidi mliyoihesabu, tafuteni maungio yaliyolegea kabla ya kulaumu kebo. Baada ya nusu saa ya kazi, zimeni, chomoeni plagi, mguse vidole vyake. Plagi ya moto kwenye kebo baridi ina skrubu iliyolegea. Kisha pimeni upinzani wa njia ya shoti kwa kifaa chake, mwisho wa kebo, na mwandike namba hiyo kwenye kifuniko cha bodi ndogo pamoja na urefu wa kebo. Mikisa ikihamia upande wa pili wa jengo na mtu akaongeza mita 40, atakayekuja ataona imeandikwa 80 na atajua hesabu ya zamani haimhusu.

Nimemaliza. Maswali sasa, na mwenye swali la jenereta aanze, maana naona mikono mingi.